Wasichana wa Rangi ya Ukuta

Jumatatu asubuhi wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa biolojia waliingia ukumbini na viti vyao vichwani, kwa kuwa chuo kilikuwa na ukumbi lakini hakikuwa na viti. Kila mtu alileta cha plastiki kutoka kwao. Ukuta ulipakwa rangi mbili: kahawia chini, mpaka usawa wa mabega ya mtu aliyekaa, na samawati hafifu juu. Shule nyingi za Kamina zina rangi hizo, na hakuna aliyezitazama mara mbili kabla ya mwaka huo.

Mhadhiri wao alikuwa Kasanda, ambaye wote walimwita Chef. Alifundisha vizuri, hilo lazima lisemwe. Somo la mageuzi alilianza na panzi wa kando ya barabara ya Base, kambi ya jeshi. Wakati wa kiangazi moto ukishapita, panzi wa kijani huonekana juu ya majivu na ndege huwaokota. Weusi hubaki, na hao ndio wanaozaa.

"Ule banaona, njo banakula," Chef alisema, na wanafunzi wakaandika: anayeonekana ndiye anayeliwa.

Baada ya somo alichagua msichana mmoja abaki kuosha chupa za labo, maabara ya chuo, zile zenye nyoka na samaki wa Kinkondja ndani ya dawa. Hakuwahi kuchagua mvulana. Bibiche wa Luena aliosha chupa mwezi wa kumi na moja. Alipata alama kubwa, akaacha kula, kisha akapanda treni kurudi kwao, na kiti chake kikabaki ukumbini. Watu wote walijua. Katibu wa chuo alijua, na mama muuza maandazi wa langoni alijua. Walijua kama watu wa kiwanja wanavyojua mahali lilipo shimo la choo cha zamani, wakapita pembeni.

Wa kwanza kubadilika alikuwa Lydie, ambaye alipenda kukaa nyuma kabisa, mgongo ukutani. Siku moja Chef alipotupa macho kutafuta wa kubaki, macho yakampita. Uso wake ulikuwa samawati hafifu, mikono yake kahawia, na mstari kati ya rangi hizo ulipita sawasawa shingoni. Gamaliel, kiongozi wa darasa, alikuwa akiita majina.

"Lydie?"

"Présente," ukuta ulijibu, na Gamaliel akaweka alama.

Wiki zilizofuata wasichana wengine nao walibadilika, na viti vikasogezwa mpaka vikabanana kuzunguka ukumbi. Mvulana mmoja, Nkulu, aliinua mkono. Aliuliza kama mageuzi hayahitaji vizazi vingi.

"Inategemea pression," Chef alijibu, yaani shinikizo. "Huku pression iko mingi." Aliwaambia pia wasichanganye mambo: panzi mmoja mmoja akibadili rangi, hiyo si mageuzi bado. Nkulu alishukuru na kukaa.

Katibu wa chuo alikuja kuona. Alilalamika kwamba watu wa kitivo cha sheria walikuwa wakichukua viti wakidhani havina wenyewe, na mara mbili walibeba kiti na msichana juu yake. Aliagiza wasichana wawe wanakohoa. Kuhusu chupa hakuuliza kitu.

Mwajuma naye alibadilika pamoja na wengine. Nyumbani kwao ukuta ulikuwa wa matofali mekundu, na humo aligeuka mwekundu. Mama yake alimwomba tu aseme neno anapoingia, wasije wakammwagia maji ya moto. Tatizo la Mwajuma lilikuwa nguo, kwa sababu nguo haibadiliki. Wenzake walinunua vikwembe, yaani vitenge, vya kahawia sokoni, na aliyewauzia alikuwa baba yake mwenyewe, mzee Asumani.

Mzee Asumani alitoka katika familia ya wafanyabiashara wa Maniema, na alikuwa na desturi yake. Robota jipya likifunguliwa, binti yake ndiye aliyevaa kitambaa cha kwanza na kupita nacho mjini, ili watu wakione. Mwaka huo lilifika robota la njano, njano ya kuumiza macho, yenye picha za ndege wekundu.

"Baba, minyi nataka ile ya kahawia," Mwajuma alisema.

"Ya kahawia iliisha, mwana wangu. Benzako njo balibeba yote. Weye utavala hii, bantu bakuone."

Mwajuma aliogopa. Angemweleza baba sababu, baba angemtoa chuoni siku hiyohiyo na kumtafutia mume Kindu, kwao Maniema. Binamu zake wawili waliishia hivyo, mmoja akiwa amebakiza mwaka mmoja tu. Kwa hiyo alisema kwamba njano haimpendezi. Baba alicheka, akasema mtoto mzuri hupendeza hata kwenye gunia.

Jumatatu alijifunga njano na kuinua kiti chake. Ukumbini alijibana kati ya Lydie na dirisha, akajifunika daftari, akajifunika mkoba. Siku hiyo walikuwa wakisoma ikolojia, ni nani anategemea nani. Chef alifundisha mpaka mwisho bila haraka, akafuta ubao, akapangusa chaki mikononi.

"Weye wa jaune," alisema. "Utabakia. Iko chupa ya kuosha."

Wengine waliinua viti vyao wakatoka. Mwajuma alimfuata Chef kwenye labo. Ilikuwa mchana, jua lilikuwa kali, na nje watu walikuwa wakicheka. Kuta za labo zilikuwa nyeupe. Chef alifunga mlango na kugeuza ufunguo.

Hapo Mwajuma akasikia pumzi. Zilikuwa nyingi, zikitoka pande zote. Alitazama vizuri akaona makoti meupe ya labo, na juu ya makoti nyuso nyeupe zenye macho yaliyofumbwa. Darasa zima la wasichana lilikuwa limesimama ukutani. Kamina mtu haachwi peke yake kwenye msiba. Watu huja, hukaa naye, hata kama hawana la kusema. Walikuwa wametangulia kuja kukaa naye.

"Lydie," Mwajuma aliita. "Lydie, dada yangu, minyi naogopa."

Hakuna aliyesogea. Aliyesogea angeonekana.

"Beko hapa bote," Chef alisema akivua saa yake na kuiweka kando ya chupa. "Banakuyaka kila mara, banasimama."

Mwajuma alipata alama kumi na nane kwa ishirini. Robota la njano liliuzika upesi, na mzee Asumani akamsifu binti yake mbele ya wateja. Lililofuata lilikuwa la kijivu. Mwajuma alivaa kitambaa chake cha kwanza na kupita nacho mjini. Usiku mama yake alimpapasa ukutani, akampata na kumwekea sahani mkononi. Chuoni Chef alipandishwa cheo, na wavulana wakamchangia mbuzi.

Baada ya Pasaka alihamia msichana mpya, Glodie, mtoto wa mwanajeshi wa Base, mcheshi, bado ana rangi yake ya kuzaliwa. Alikaa katikati ya ukumbi na kushangaa kwa nini viti vyote vilikuwa pembeni. Wiki ya pili Chef alimwambia abaki.

Mwajuma alivaa koti lake jeupe, akatangulia labo na wenzake. Alisimama kati ya kabati la vyura na dirisha, mahali ambapo Glodie angekuwa karibu naye, asiwe peke yake. Ufunguo uligeuka. Glodie alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo wake ukamgusa Mwajuma kifuani, ukabaki hapo. Mwajuma alifumba macho, akabana pumzi.