Waya Mwembamba wa Kabambare

Kiangazi cha mwaka 1956, Bulaimu, fundi wa redio wa Kasongo, alitumwa Kabambare kufunga mashine ya kuzungumzia kwa redio katika dispensari. Muuguzi wa huko, Hippolyte, alikuwa peke yake, na daktari wa karibu alikuwa Kasongo.

Bulaimu aliondoka na mizigo ya waya wa antena wa aina mbili. Mmoja ulikuwa mwembamba, mwepesi kukunja. Wa pili ulikuwa mnene kama kidole gumba, mgumu, na bunda lake lilihitaji watu wawili kulibeba. Alijua tofauti yake vizuri: waya ukiwa mrefu, mwembamba hula nguvu za mashine njiani, na sauti hufika antenani imechoka.

Walipofika Wamaza, kijiji cha njiani, yeye na dereva wa lori wakakuta daraja limekatika. Lori lilirudi Kasongo. Bulaimu aliliangalia lile bunda kubwa la waya mnene, akaona jua, akawaza njia iliyobaki. Aliliacha nyumbani kwa mfanyabiashara mmoja, akafunga mashine na waya mwembamba kwenye baiskeli ya kuazima, akaendelea.

Kabambare, dispensari ilikuwa bondeni chini ya miti mirefu, kwa hiyo mlingoti wa antena ikabidi usimamishwe kilimani, hatua zaidi ya mia kutoka kwenye mashine. Bulaimu alivuta waya mwembamba umbali wote huo. Alipoita, Kasongo wakaitikia, sauti safi kabisa. Akamwambia Hippolyte kazi imekwisha, akarudi zake kwa mkewe Faida.

Mvua zilipoanza, anga ikajaa radi, na redio ikajaa mikwaruzo. Adhuhuri moja ya mwezi wa kumi na moja, Bulaimu alikuwa kwenye mashine ya Kasongo, vipokezi masikioni. Chini kabisa ya ule mngurumo akasikia sauti ya mtu, ndogo kama ya aliye ng'ambo ya mto. Alipata neno moja tu: Kabambare. Akaomba irudiwe. Sauti ikaja tena, ikazama. Alikaa hapo hadi alasiri akiita, asipate kitu.

Siku tatu baadaye mtu wa baiskeli akaleta barua ya Hippolyte. Mathilde, mke wa Emile, mkulima wa huko, alishikwa na uchungu wa kuzaa siku mbili. Gari la daktari liliitwa kwa redio mara sita, bila jibu. Mama amekufa pamoja na mtoto.

Bulaimu aliisoma akiwa amesimama. Jioni hiyo Faida alimwekea chakula, hakukigusa. Asubuhi alimwandikia mkubwa wake kwamba kosa ni lake, si la mashine, akaomba ruhusa ya kwenda kutengeneza.

Daraja lilikuwa limekwisha kujengwa, lakini lori lilikwama kwenye matope mbele kidogo ya Wamaza. Safari hii hakuacha kitu. Alilichukua lile bunda kwa yule mfanyabiashara, wakalitia kwenye mti wa kubebea, yeye na mwanamume mmoja wa Wamaza, wakalibeba mabegani siku mbili mvuani.

Hippolyte alimpokea mlangoni, na Bulaimu akamuuliza kama Mathilde angeweza kuokolewa. "Sijui kama daktari angemuwahi," alisema. "Pengine ndiyo, pengine hapana. Usiniulize tena."

Emile alikuja mwenyewe, aliposikia kwamba fundi amefika. Alikuwa mtu mrefu, amenyolewa kichwa kwa msiba. Bulaimu alimweleza yote: waya mbili, daraja, uzito, baiskeli.

"Ulijua ile nyembamba iko mubaya?" Emile aliuliza.

"Kwa umbali huu, nilijua, baba."

"Na uliiweka."

"Niliiweka. Siku ile ilisikika, nikajidanganya kwamba inatosha."

Emile alikaa kizingitini, akageukia nje. "Fanya kazi yako," alisema. "Mimi sitakusaidia."

Kazi ilichukua siku nzima. Waya mnene haukutaka kupita kwenye tundu la ukutani. Bulaimu akalipanua kwa patasi, akaupitisha bila kuukunja sana, akaufunga juu ya nguzo hadi kilimani. Radi zilikuwa zinatembea upande wa kijiji cha Lusangi, akangoja zisogee ndipo akapanda mlingoti.

Alipomaliza, Hippolyte aliita. Mikwaruzo ilikuwa ileile, lakini mtu wa Kasongo aliitikia mara ya kwanza, akasoma ujumbe wote neno kwa neno.

Emile alisikia kutoka pale mlangoni. Aliinuka, akapangusa suruali, akashika njia ya nyumbani. Baada ya hatua chache akageuka.

"Mutoto alikuwa mwanamke," alimwambia Bulaimu. "Tulimupa jina Apolline."

Emile akaenda zake. Fundi alibaki uani, waya mwembamba mikononi, mpaka Hippolyte alipotoka kumwita ndani ale.