Akiba Inayoota Miiba

"Uongozi wa Kituo cha Kutotolesha Vifaranga unapenda kuwatangazia wafanyakazi wote kwamba zulia la chumba cha betri limefika. Kuanzia Jumatatu, atakayeingia humo avue viatu."

Msimamizi wa mashine za kutotolesha alilisoma tangazo hilo ubaoni mara moja, akaona limemtosha kwa mwaka mzima. Mashineni mwake mlikuwa na mayai ya kuku wake mwenyewe, mbegu aliyoichagua kizazi baada ya kizazi. Kuku waliotaga mayai hayo walikuwa wamefagiwa na ugonjwa wa mdondo. Yakipoa haya, mbegu imekwisha. Na mdogo wake, fundi umeme wa kituo, alikuwa amemwambia kwamba betri ya zinki, inayoendesha mashine hizo, inaelekea kufa.

Jambo lenyewe halikuhitaji shahada. Jua likiichaji betri ile, zinki hujibandika kwenye bamba zake. Umeme ukitumika, huyeyuka. Isipoyeyushwa yote mara kwa mara, mabaki huota miiba, na miiba hutoboa utando unaotenganisha pande mbili za betri. Dawa ni kuiacha betri iishe chaji kabisa, jenereta ikishika zamu. Mkurugenzi alikataa, kwa kuwa skrini ya mapokezi inayoonyesha chaji ya betri ingesoma sifuri mbele ya wageni.

Dada mtu akamkokota mdogo wake hadi ofisini.

"Mkurugenzi, tunaomba iishe mara moja tu."

"Mama, mimi hata simu yangu siiachi iishe." Mkurugenzi aliegemea kiti kama mtu aliyevumbua umeme. "Wahenga walisema, akiba haiozi."

"Haiozi. Hii inaota miiba. Mwulize fundi wako."

Fundi aliitazama dari, ambayo haikuwa na hitilafu yoyote.

"Mkurugenzi naye ana hoja," alisema.

Walipotoka, dada alimgeukia. "Ana hoja? Ile miiba uliyonieleza jana umeimeza?"

"Dada, barua yangu ya kupandishwa cheo iko mezani kwake."

"Basi panda. Ukifika juu utuambie kama kuna umeme."

Siku ya kuzindua zulia, mawingu yalitanda tangu alfajiri na mzigo wote ukaiangukia betri. Skrini ilisoma asilimia tisini na sita, kisha ikazima pamoja na kila kitu. Jenereta ilikuwa uwanjani, ikiendesha vipaza sauti. Msimamizi aliifunika mashine kwa mablanketi, akapanga chupa za maji ya moto kuizunguka, akakimbilia jukwaani. Mkurugenzi, aliyekuwa akihutubia juu ya uhakika wa nishati, alimwashiria kwa kiganja asubiri. Hotuba, kama ujinga, haikuwa na haraka. Jenereta iliporudishwa jioni, chupa zilikuwa baridi na mayai pia.

Siku ya kuanguliwa ilipofika aliyashika mayai moja moja, akayaweka sikioni. Hakuna lililogonga. Aliandika taarifa fupi, ya kweli tupu, akaipeleka kwa bodi.

Jibu lilikuja na mhuri:

"Bodi imeipokea taarifa yako kwa uzito unaostahili. Ili kituo kisionekane kimepata hasara, imeamuliwa kwamba mayai yote yaliyomo mashineni yahamishwe kutoka kundi la mayai ya kuangua kwenda kundi la mayai ya kula. Utekelezaji uanze mara moja."