Kuku wa Ijumaa Kuu

Wakonyo alichukuliwa Jumamosi, siku chache kabla ya Jumatano ya Majivu, mwaka wa hamsini na tano, serikali ya wakoloni ilipokuwa ikiwasaka waasi wa Kikuyu. Askari walifika kwenye laini za wafanyakazi wa shamba la kahawa, huko Ruiru, watu wakiwa kwenye foleni ya posho. Wakawatenga Wakikuyu upande mmoja, wakawapitisha mmoja mmoja mbele ya mtu aliyefunikwa gunia kutoka kichwani hadi magotini. Gunia lilikuwa na matundu mawili ya macho. Likiinamisha kichwa, mtu anapelekwa kwenye lori. Mbele ya Wakonyo liliinamisha kichwa.

Mumewe, Mbaluka, alikuwa akigeuza kahawa kwenye vitanda vya kuanikia. Alikuja mbio, kifua kikimpanda na kushuka.

"Huyo ni mke wangu," akamwambia ofisa. "Mimi ni Mkamba. Tumefunga ndoa kanisani."

Ofisa hakumtazama. Askari aliyekuwa mkalimani ndiye aliyejibu. "Wewe Mkamba, baki. Yeye Mkikuyu, anaenda. Ndoa haibadilishi kabila."

Wakonyo alikuwa tayari amepandishwa. Hakulia wala hakupiga kelele kama wengine. Alimtafuta Mbaluka kwa macho mpaka akampata, akasema, "Kaleli bado hajala." Kisha lori likaondoka.

Nyumba yao ilikuwa nyumba ya Kiswahili. Mbaluka alitoka ng'ambo ya mto Athi, Wakonyo alitoka Murera, na walipokutana kwenye kuchuma kahawa hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Walichumbiana kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili, na watoto wao wawili, Syokau wa miaka saba na Kaleli wa miaka mitatu, walijifunza kusali kwa Kiswahili. Neno la Kikuyu lililobaki ndani ya nyumba ile lilikuwa maitu, mama.

"Maitu atarudi lini?" Syokau aliuliza jioni ile, na kesho yake, na kesho kutwa.

"Tumwombe Mungu," Mbaluka alijibu. Alikuwa mtu wa dini kweli, si wa Jumapili tu. Alibatizwa mtu mzima, akayachukua mafundisho yote kama mtu anayepewa jembe na kuambiwa hili ni lako.

Jumatano ya Majivu aliwapeleka watoto kwenye kanisa dogo la udongo pale shambani. Waliporudi akawaketisha kwenye kitanda, akawaeleza Kwaresima kama alivyowaeleza kila mwaka, ila mwaka huu Wakonyo hakuwapo kumkatiza kwa mzaha.

"Kwaresima tunampa Mungu kitu tunachokipenda," alisema. "Mimi naacha tumbaku, na chai yangu nitakunywa bila sukari. Mungu anawasikia sana wanaofunga."

"Anawapa wanachoomba?" Syokau akauliza.

Mbaluka alikuwa amechoka, na alihitaji kuliamini jambo hilo kuliko mtoto. "Anawapa," akasema.

Siku ileile alimwomba Zacharia, katekista wa pale shambani, amfikishie padri wa Thika ombi lake. Padri huyo alikuwa na ruhusa ya kuingia kambi za wafungwa kila mwezi kuwasomea misa. Huenda angesikia habari za Wakonyo.

"Nitamwambia," Zacharia alisema. "Lakini kambi ni nyingi, na akina Wakonyo ni wengi."

Tangu siku hiyo Mbaluka alitoka nyumbani gizani na kurudi gizani. Mchana watoto walikaa na Ndila, mama mzee wa mlango wa pili, ambaye mumewe alikuwa mlinzi wa ghala. Asubuhi Mbaluka aliwapikia uji, akaacha sufuria ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, kwa ajili ya mchana. Jioni aliikuta sufuria tupu, akashukuru. Hakuwa na nguvu ya kuuliza zaidi.

Ndila ndiye aliyemsimamisha njiani, Kwaresima ikiwa imekwenda sana na mvua za masika zimeanza.

"Mbaluka, unamwangalia binti yako kweli?"

"Ana huzuni ya mama yake."

"Huzuni haimtoi mtoto mifupa ya mabega. Huyu hali kitu. Chakula chake anampa Kaleli, na Kaleli akikataa anawarushia kuku. Nikimkemea ananiambia ni siri yake na Mungu."

Usiku huo Mbaluka alimwita Syokau karibu na taa, akamkunja mikono ya gauni. Mkono ulikuwa mwembamba kama wa Kaleli. Alimkaripia, kisha akambembeleza, kisha akamwekea sahani mbele na kumsimamia mpaka akala. Alikula vizuri. Mbaluka akalala akidhani jambo limekwisha. Hakujua kwamba mtoto alitoka nje, akatia kidole kooni nyuma ya choo. Hilo Ndila alikuja kuliona siku nyingine, na alipomwambia, ilikuwa Alhamisi Kuu.

Ijumaa Kuu shamba lote lilipewa likizo. Watu walijaa kanisani wakiwa na nguo zenye unyevu, na Zacharia akaongoza Njia ya Msalaba, akitoka picha moja hadi nyingine ukutani huku watu wakipiga magoti na kuinuka. Mbaluka alimbeba Kaleli mgongoni. Syokau alisimama mbele yake, kitambaa cheupe kichwani.

"Kituo cha nne," Zacharia akasoma. "Yesu anakutana na Mama yake."

Watu wakapiga magoti. Syokau hakupiga magoti, alianguka. Kichwa kiligonga ukingo wa benchi, na sauti yake ikasikika mpaka nyuma.

Mbaluka alimkabidhi Ndila yule mdogo, akamchukua binti yake mikononi na kukimbia naye kwenye matope. Aliushangaa wepesi wake. Alikuwa amebeba magunia ya kahawa maisha yake yote, na sasa alikimbia kama mtu asiyebeba kitu.

Nyumbani mtoto alifumbua macho. Mbaluka alimletea uji wa maziwa ambao Ndila alikuwa ameuacha jikoni. Syokau akafunga mdomo, akageukia ukutani.

"Kunywa, mama."

"Kesho."

"Kunywa sasa. Unakufa, Syokau!"

"Leo ni siku kubwa," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikuwa na wasiwasi. "Zacharia alisema leo Yesu anawaangalia wote waliofunga. Nikila leo, maitu harudi. Juzi nililamba sukari, baba. Kidogo tu, kwenye kijiko cha Kaleli. Kwa hivyo leo siwezi kukosea tena."

Mbaluka alibaki amechuchumaa kando ya kitanda, bakuli mkononi. Kila neno alilolipata lilikuwa kinyume cha lile alilomwambia mwenyewe Jumatano ya Majivu.

"Mungu hana hasira na wewe," akasema.

"Basi mbona hajamleta?"

Akainuka, akatoka. Chini ya paa la jiko alikuwako tetea mweusi, kuku wa Wakonyo, aliyekuwa akiwatagia watoto. Mbaluka alimshika, akamchinja palepale mlangoni, akamnyonyoa na kumkatakata. Moto ukawaka. Watu walikuwa wakitoka kanisani, na harufu ya nyama ikawapata njiani. Walisimama. Ijumaa Kuu waumini hawali nyama. Kiilu, nyapara wake, ambaye hakuwa mtu wa kanisa kabisa, alitikisa kichwa akapita.

Mbaluka aliingia na sahani, akaketi pale ambapo mtoto angemwona. Akachukua paja, akala. Nyama ilikuwa ngumu, haijaiva, naye akaitafuna kwa nguvu mpaka machozi yakamtoka.

"Unaona?" alisema. "Nimekula mimi. Nyama, siku ya leo. Kama kuna dhambi, ni yangu. Wewe huna deni lolote. Kula, mwanangu."

Alikuwa amefikiri kwamba akivunja yeye, mzigo utamtoka mtoto. Lakini Syokau alikuwa ameinuka kwenye kiwiko, macho yamemtoka kwa hofu ambayo Mbaluka hakuiona hata siku ya lori.

"Umemuua!" alilia. "Baba, umemuua maitu! Sasa hawezi kurudi! Hata kuku wake umemuua!"

Alilia mpaka pumzi ikamwisha, na alipoishiwa, Mbaluka alimweka kwenye mapaja, akamshika taya, akamnywesha mchuzi kijiko kwa kijiko. Hakuwa na nguvu ya kukataa. Alimeza akiwa amefumba macho, na mchuzi mwingine ukamtiririka shingoni. Ndila aliporudi na Kaleli aliwakuta hivyo, akarudi nyuma na kuvuta mlango.

Jumapili ya Pasaka walipanda treni asubuhi kwenda Thika. Ndila alikuwa amemshauri Mbaluka ampeleke mtoto kwa masista wamwone, na Zacharia alikuwa amesema padri anamtaka. Kanisa la misheni lilijaa maua na watoto wa nguo mpya. Wakati wa komunyo Mbaluka alibaki kwenye benchi huku watu wakimrukia miguu kupita. Syokau aliketi pembeni yake, uso umevimba, hakumgusa.

Baada ya misa padri aliwaita nyuma ya kanisa. Alikuwa mzungu mzee, mwenye Kiswahili cha kukatika. Alimwomba sista awachukue watoto awape chai, lakini Mbaluka alikuwa ameshauona uso wake.

"Niambie, padri."

"Mkeo, Wakonyo. Nimepata habari. Huko kambini kuna homa ya matumbo, wanawake wengi wameugua. Alipewa mafuta matakatifu. Amezikwa huko."

"Lini?"

"Katikati ya Kwaresima. Mimi nimejua juzi tu."

Mbaluka aliegemea ukuta. Akasema, kana kwamba ndilo jambo lililomleta, "Nimekula nyama Ijumaa Kuu." Akaeleza yote, tangu sukari mpaka tetea.

Padri alisikiliza, akakuna kidevu. "Lakini mtoto wa miaka saba hafungi. Sheria ya Kanisa haimlazimishi."

"Hakufunga kwa sababu ya sheria, padri. Alifunga kwa sababu nilimwambia Mungu atampa."

Padri alimsamehe dhambi zake kwa Kilatini, akamwekea mkono kichwani. Mkono ulikuwa na joto. Mbaluka alingoja kitu kishuke ndani yake, kama zamani. Hakikushuka kitu.

Sista alimpima Syokau, akampa dawa ya unga na onyo kali. Kisha baba na watoto wakaketi nje, chini ya ukuta wa kanisa, wakingoja saa ya treni. Mvua ilikuwa imekatika na maji ya mto Chania yalisikika yakinguruma mbali kidogo. Mbaluka angeweza kunyamaza. Angeweza kungoja mtoto apate nafuu. Lakini aliona kwamba kila siku ya kungoja ingekuwa siku nyingine ya mtoto kuamini kwamba ni wao waliofanya.

"Syokau, maitu amekufa," akasema. "Aliugua. Alikufa zamani, kabla hujalamba sukari. Kabla sijamchinja kuku. Hatukumuua, wewe wala mimi."

Kaleli alikuwa akichimba matope kwa kijiti. Syokau alimtazama ndugu yake muda mrefu.

"Nilipokuwa nampa Kaleli chakula changu, maitu alikuwa amekufa?"

"Siku nyingine alikuwa hai. Siku nyingine alikuwa ameshakufa."

"Na juzi, nilipokuwa naomba?"

"Alikuwa ameshakufa, mama."

"Mungu alijua?"

Mbaluka alimfuta Kaleli matope mikononi.

"Alijua, akaniacha tu niendelee?"

Alitaka kusema kwamba Mungu ana sababu zake. Maneno hayo aliwahi kuyasema kwenye matanga ya watu wengine, na aliyasema vizuri. Sasa aliyasikia yakipanda, akayameza. Akanyoosha mkono amvute, na mtoto akakubali kuvutwa, mkavu kama kuni, bila kulia.

Kesho yake, Jumatatu, kengele ya shamba ililia kabla ya mapambazuko. Mbaluka alipoamka alikuta moto umewashwa. Syokau alikuwa amechuchumaa akikoroga uji. Alimpa Kaleli wake, akampulizia upoe. Kisha akajipakulia bakuli, akaketi kizingitini, akanywa mpaka chini, polepole, kama mtu anayemaliza kazi aliyopewa. Alipomaliza akachota tena.

Mbaluka alisimama na kofia yake mkononi. Alipaswa kufurahi, lakini mtoto hakuwa amesali kabla ya kula. Kengele ikalia mara ya pili, akapita kando ya binti yake, akashuka kwenda kwenye vitanda vya kahawa.