Kichwa cha Chaja

Tulipokimbia kijiji chetu karibu na Oicha siku kiliposhambuliwa, niliokoa kompyuta nikaacha chaja yake ukutani. Nicheke au nilie? Kompyuta bila chaja ni sinia tu. Lakini ndani ya sinia hilo mna picha ya pekee ya binti yetu Bénite, ambaye siku ile alikuwa mgongoni kwa nyanya yake. Nyanya tulimzika. Mtoto hakuonekana.

Julie, mama wa parokia ya Beni anayewatafutia watoto waliopotea jamaa zao, aliniambia wazi kwamba bila picha hafiki popote. Jina halisaidii. Kwetu Wanande jina hufuata zamu ya kuzaliwa, na binti yangu wa miaka mitatu, ingawa kanisani ni Bénite, anajijua kwa jina moja tu: Kavira.

"Ba Kavira banajaa, mama," akasema. "Kila nyumba iko na wake. Uniletee sura."

Nikaenda Butembo kutafuta chaja. Kompyuta niliiacha Mulekera, mtaa wa Beni, kwa shemeji yangu, tulikohifadhiwa, maana kwenye vizuizi vya barabarani kompyuta huulizwa maswali mengi kuliko mwenyewe. Badala yake nilikata kijiti cha muhogo, nikakichonga kwa wembe mpaka kikaingia sawasawa kwenye tundu la chaja, na moyo wake laini ukapokea sindano iliyo katikati ya tundu. Mume wangu Mbusa alisogea kando. Anajua nikikasirika ni heri kunipisha.

Dukani, muuzaji Syauswa alikuwa na chaja za kila mashini, pamoja na kopo la maziwa lililojaa vichwa vya kubadilisha.

"Mashini iko wapi, mama?"

"Mashini hapana. Kipimo ni hiki."

"Mais mama, hii ni muhogo!" Alicheka mpaka akashika meza. Aliponiona sicheki, akainamia kopo. Alijaribu kichwa hiki, akakitupa, akajaribu kile, hadi kimoja kikalingana na kijiti changu.

"Volti ngapi?"

"Namba ilifutika."

"Basi tutie kumi na tisa, iyo njo batu bengi banatumikaka. Lakini kuingia ni kuingia, mama. Mashini kukubali ni mambo ingine."

Mfa maji haachi kutapatapa. Nililipa, nikarudi Beni.

Kichwa kiliingia. Taa ikawaka, kioo kikaandika kwa Kifaransa kwamba chaja haitambuliki na betri haitajazwa. Nikakitukana. Nani amekuomba ututambue? Wewe waka! Kikawaka, kwa umeme wa ukutani peke yake, nami nikamtuma Mbusa mbio akamwite Julie.

Julie alipoketi, nikafungua picha. Bénite katika gauni la Pasaka, amenuna kwa sababu nilimkataza kula andazi kabla ya kupigwa picha. Mimi nilimtazama Julie, si mtoto. Alisogeza uso karibu na kioo.

"Mama Bénite, batoto benye tuko nabo, nabajua bote kwa sura. Uyu, hapana."

"Angalia tena."

"Nimeangalia."

Akakipiga picha kioo kwa simu yake, akasema ataituma kwenye parokia za Komanda na Butembo, akanishika bega, akaenda. Siku zote hizo niliamini kinachonitenga na mwanangu ni kipande cha plastiki. Angalau nilikuwa na kitu cha kukasirikia. Sasa kila kitu kimelingana, na mtoto hayupo.

Shemeji alikuwa akingojea soketi achaji simu yake. Mbusa akainama achomoe waya. Nikamkamata mkono.

"Ukichomoa, anazimika."

"Mama Bénite, ni photo tu."

"Najua. Usichomoe."

Akauachia waya, akaketi chini kando yangu. Shemeji akachukua simu yake, akaenda kuichaji kwa jirani.