Kilo za Mwamina

Jumanne asubuhi mzani wa korosho ulitolewa ghalani ukawekwa uwanjani, watu wapimwe. Tembo walikuwa wamemaliza mahindi ya kijiji kile cha Kilimarondo, na magunia ya msaada yalikuwa yamefika. Dunstan, mgawaji aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, alikuwa na kanuni moja: aliyezidi kilo sitini hana njaa.

Mama mmoja, Sikudhani, alikuwa na kilo sitini na tatu kanuni hiyo ilipotangazwa. Tangu tembo wapite, yeye na wanawe wawili walikula ming'oko ya kuchimba porini, mara moja kwa siku. Lakini pacha wake, Mwamina, aliolewa na mfanyabiashara Nachingwea mjini, na huko kunaliwa. Mapacha hao walizaliwa hivyo, akila mmoja wananenepa wote. Unene hufika Kilimarondo siku ileile. Shibe haifiki. Marehemu mama yao na pacha wake walikuwa hivyohivyo, kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

Kwa ajili ya gunia lile Mwamina alifunga siku nne. Sikudhani akapungua.

Zamu yake ilifika saa saba mchana. Alipanda, mshale ukasimama hamsini na tisa. Dunstan akashika kalamu. Kabla hajaandika, mshale ukasogea. Sitini. Sitini na moja.

"Shuka, upande tena," alisema Dunstan.

Akapanda. Sitini na moja na nusu.

"Mwenzio kashindwa," alisema bibi Zena, aliyemfuata kwenye foleni. "Si leo kuna harusi kwa shemejiye? Pilau hiyo."

"Na nyama," alisema Sikudhani, akilegeza khanga kiunoni.

"Mwandikie, baba," bibi Zena alimwambia Dunstan. "Huyu ana njaa. Kilo hizo za dada yake."

"Najua, bibi. Kila mtu kanieleza," alisema Dunstan. "Lakini karatasi inauliza kilo ngapi. Haiulizi za nani."

Akaandika: hana njaa. Akamwita anayefuata.

Sikudhani alipitia nyumbani akachukua jembe na wanawe, wakashika njia ya porini. Simu ikalia, alikuwa Mwamina.

"Nisamehe, mdogo wangu. Wameniwekea sahani mbele ya wakwe, ningefanyaje? Umepata?"

"Nimenenepa tu," alisema Sikudhani. "Kula, dada. Ushaanza, malizia."

Walipoifikia ming'oko, ilimbidi achuchumae polepole, maana pilau ilikuwa bado inaingia.