Mkazi Mmoja, Ameketi

Mama wa bibi harusi alilazimika kukata tiketi ili amwone dada yake. Mwongozaji hakukubali kuikatiza ziara: alimwonyesha kwanza mnara wa chuma uliokuwa ukiwashusha watu mgodini, kisha mdomo wa shimo uliofunikwa kwa wavu, kisha rundo la kofia zilizobonyea. Ndipo wakafika kwenye safu ya nyumba za wachimbaji, nyumba namba nne.

Dada mtu alikuwa ameketi nyuma ya kamba nyekundu, ungo wa maharage mapajani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Usivuke kamba, mdogo wangu, kengele italia."

Mgodi ulipofungwa, nyumba ile ilifanywa makumbusho. Mjane huyu hakuwa na pa kwenda, na waliokuja kuhesabu vitu wakamhesabu naye. Walimbandika kifuani namba kumi na saba.

"Harusi ni kesho kutwa," alisema mdogo mtu. "Binti amejifungia. Hatoki chumbani asipomwona mama yake mkubwa aliyemlea, na wakwe wamekwisha kufika. Nimekuja kukuchukua."

Mwongozaji akakohoa. "Samahani, mama. Vitu vya kale havitoki bila kibali. Kibali ni miezi sita."

"Huyu mwongozaji wenu amenishinda kwa mvi," alisema dada mtu. "Mbona yeye hakuandikwa?"

Mdogo mtu akaomba orodha, akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Jiko moja. Sufuria mbili, moja imetoboka. Mkazi mmoja, ameketi.

"Mkazi yupi?"

"Huyu."

"Pameandikwa huyu?"

Mwongozaji akasoma mara mbili. Alikuwa mtu wa kuheshimu karatasi kuliko macho yake. "Hapakuandikwa."

"Wewe unaishi wapi, baba?"

"Hapo nyuma ya mnara."

"Basi u mkazi. Keti."

Mwongozaji akatazama mlangoni. Nje, kundi la wageni lilikuwa linakaribia. Akavuka kamba, kengele ikalia, akaizima mwenyewe. Dada mtu akambandika namba kumi na saba, akamkabidhi ungo.

"Chambua, usiwakodolee watu macho. Wakikuuliza, mgodini kulikuwa na joto. Wakizidi, jifanye kiziwi. Saa kumi unaruhusiwa kujikuna."

"Na wageni wataongozwa na nani?"

"Wana macho."

Mgeni wa kwanza kuingia aliuliza kama mkazi huyu ni wa asili. Mwongozaji akafumbua kinywa, akakumbuka kwamba ni kiziwi, akaokota kijiwe kwenye maharage.

Mlangoni dada mtu alisita, kama anayengoja kubebwa. Kwa miaka mitatu hakuwa amekanyaga nje mchana. Mdogo wake akamshika mkono.

"Polepole," alisema dada mtu. "Miguu hii imezoea kutazamwa, haijazoea kutumwa."

Siku ya harusi hakuna aliyembembeleza binti. Alifungua mlango mwenyewe, aliposikia ukumbini sauti ya mama yake mkubwa ikiuliza ni kiti gani anachoruhusiwa kukalia.