Feni Zilizogeuzwa

Kwa miaka tisa Hafswa aliunda kompyuta katika chumba cha nyuma cha duka la marehemu babake, Mji wa Kale, na kwa miaka hiyo yote wateja walimsikia kikohozi tu. Kaunta ilikuwa ya Yeslam, nduguye mdogo. Yeslam alijaliwa ulimi wa asali na shati lisilokunjika. Bisibisi alijua kuishika, basi.

Mwezi wa Februari, mji ukitokota kwa joto, alikuja Chengo, mchoraji wa ramani za majumba mwenye ofisi Mbaraki. Alitaka mashine ya kazi nzito, ile inayopozwa kwa maji. Maji hubeba joto la prosesa, ule ubongo wa kompyuta, yakapita katika rejeta kama ya gari, na feni tatu huipuliza rejeta hiyo mpaka ipoe.

Hafswa aliishughulikia kwa siku mbili. Rejeta aliifunga mbele, akazielekeza feni zake zivute hewa ya nje iingie ndani. Juu na nyuma akafunga feni nyingine tatu za kutoa joto. Kisha akachukua kipande cha karatasi laini. Akakishika mbele ya sanduku, kikavutwa kikanata. Akakishika juu, kikapepea. Mashine aliiacha ikifanya kazi ngumu kutwa nzima, nayo haikutetereka.

Ila feni ina nyuso mbili. Upande unaovuta hewa ni laini, taa zake zote zaonekana. Upande unaoitoa una mbavu za plastiki. Kwa mpango wa Hafswa, mtu akichungulia kwenye kioo cha ubavuni mwa sanduku aliziona mbavu za feni za rejeta.

"Mbona zatupa mgongo?" Yeslam aliuliza.

"Hewa haitazami uzuri. Ziache hivyo hivyo."

Hafswa akapanda nyumbani ghorofani kuswali na kula. Aliporudi, mashine ilikuwa imeshachukuliwa.

Siku ya nne Chengo alirudi nayo, amelowa jasho, akaibwaga juu ya kaunta.

"Imenizimikia mara tano! Kamati ya shule imekaa kuningoja niwaonyeshe jengo lao, mimi napapasa skrini nyeusi. Kazi wamempa mwengine. Nani aliyeiunda hii?"

Yeslam hakufikiri hata kidogo. "Ni dadangu. Nilimwachia siku ile, nilikuwa na shughuli."

Hafswa alikuwa mlangoni. Alitupa jicho moja tu kwenye kioo, akaona nyuso tatu nzuri zikimtazama. Feni za rejeta zilikuwa zimegeuzwa. Sasa feni zote sita zilikuwa zikitoa, hakuna hata moja iliyoingiza, na ile rejeta ilipulizwa joto la sanduku lenyewe.

"Sivyo nilivyozifunga mimi," alisema. "Yeslam, mwambie."

"Usiniaziri mbele ya watu, dada."

Kelele zilimteremsha mama yao, Bi Sumeiya, kutoka ghorofani. Alimvuta Hafswa nyuma ya pazia, akamshika mkono.

"Mama, ni yeye aliyezigeuza. Wallahi ni yeye."

"Najua, mwanangu." Hilo ndilo lililomkata Hafswa maini: kwamba alijua. "Lakini duka limesimama kwa jina la nduguyo. Likivundika jina lake, sote twala wapi? Wewe huna jina la kuvundika. Muombe mtu radhi yaishe."

Hafswa akatoka. Akasimama mbele ya Chengo, macho yake kwenye sakafu.

"Nimekosea mimi. Niwie radhi."

"Radhi yako hainirudishii kazi," Chengo akasema. Kisha akamgeukia Yeslam. "Irekebishe wewe mwenyewe. Huyu asiiguse."

Yeslam aliibeba mashine hadi chumba cha nyuma, akaiweka mbele ya dadake, akaketi juu ya kasha akichezea simu. Hafswa alizifungua feni tatu, akazigeuza moja moja, akakaza skrubu kumi na mbili. Kazi aliifanya sawasawa. Hakujua kuifanya vinginevyo. Nusu saa baadaye alimsikia Chengo kule mbele: "Sasa huyu ndiye fundi!" Yeslam akacheka kicheko cha mtu mnyenyekevu.

Hafswa alikivumilia chumba kile wiki mbili zaidi. Yeslam alipomletea sanduku jingine akimwambia, "Safari hii uwe mwangalifu," alivaa buibui lake akatoka, na mamake akimwita hakugeuka.

Alikwenda kwa Fuad, mwenye duka la kompyuta karibu na Majengo, akamwomba kazi ya ufundi.

"Wewe si ndiwe uliyemharibia Chengo?"

"Si mimi. Feni ziligeuzwa baada yangu."

Fuad alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko tusi. "Chengo asema ulimuomba radhi kwa kinywa chako. Mtu huomba radhi kwa kosa asilolitenda, dadangu?"

Hafswa akamkumbuka mamake alivyomshika mkono, akageuka kuelekea mlangoni. Fuad alikuwa ameshamgeukia mteja mwengine.

Siku hizi yuko Kilindini, bandarini, kwenye kibanda kinachotazama barabara ya malori, akitoa nakala za hati za mizigo kwa mawakala wasiomuuliza jina.